Kumsikiliza mwanamuziki wa asili jukwaani Bagamoyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa yule aliyempenda mwanamuziki kwa kumsikia redioni au kwenye simu, na sasa anataka kumwona ana kwa ana. Tunamzungumzia mtunzi anayeimba nyimbo zake mwenyewe kwa ala za asili: ilimba (ubao wenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), zeze, filimbi, ngoma, kayamba, pengine na gitaa katikati yake. Jambo moja litajirudia humu, nalo ni kwamba nyingi ya ala hizi zina sauti ndogo. Makosa mengi yanayoharibu usiku huanzia hapo.

Kwa nini Bagamoyo? Ilimba na zeze si vya Wagogo wa Dodoma?

Ni vya Wagogo kweli, na ukitaka kuusikia muziki huo kwao, nenda Chamwino. Bagamoyo iliupata kwa njia ya chuo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeutembeza muziki wa kwao duniani kote, alifundisha hapo, akaweka makazi Bagamoyo na kuishi humo hadi alipofariki mwaka 2003. Ukoo wake ukaendelea na kazi. Msafiri Zawose alitoa albamu ya *Uhamiaji* mwaka 2017. Pendo na Leah Zawose, wanaojulikana kama The Zawose Queens, walitoa *Maisha* mwaka 2024. Hilo la pili ni jambo kubwa, kwa sababu kwa desturi ya Wagogo mwanamke alikuwa mpiga muheme, ngoma ya wanawake, na mwitikiaji, mbele wakakaa wanaume.

Mji huu pia ndio unaohusishwa na Vitali Maembe na nyimbo zake za kukemea rushwa. Na wenyeji wenyewe, Wazaramo, Wakwere na Wadoe, wana ngoma zao, kwa hiyo usije na sikio la ilimba peke yake.

Nitajuaje siku anayopiga?

Tukio kubwa ni Tamasha la Kimataifa la Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, linaloandaliwa na TaSUBa tangu 1982. Kwa muda mrefu lilikuwa likifanyika mwishoni mwa Septemba, lakini miaka ya karibuni limesogea hadi Oktoba au Novemba. Usipange likizo kwa kumbukumbu ya zamani. Subiri tarehe itangazwe na TaSUBa wenyewe.

Maonyesho madogo hayana ratiba ya mwaka. Hutangazwa siku chache kabla, mara nyingi kwa picha inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za wasanii. Shida ya picha hizo ni kwamba nyingi hazina mwaka, na ya zamani huibuka tena kama mpya. Kama tangazo linasema Jumamosi tarehe 14, fungua kalenda. Tarehe 14 ya mwezi huo ikiwa Jumatano, umeshika tangazo la zamani. Baada ya hapo piga simu, usitume ujumbe tu.

Mwezi wa Ramadhani maonyesho hupungua sana, na yaliyopo huanza baada ya Tarawehe.

Tamasha au onyesho dogo: kipi bora kwa mara ya kwanza?

Onyesho dogo, na hapa hatusitisiti. Kwenye tamasha msanii mmoja hupewa dakika 30 hadi 45. Ndani ya hizo kuna kupanga maiki, kulinganisha sauti za ala na salamu za mgeni rasmi. Mtunzi anayesimulia chanzo cha wimbo kabla ya kuuimba hulazimika kuacha masimulizi, na wimbo wa dakika kumi na mbili hukatwa ukawa wa nne. Uani penye watu sitini hana haraka hiyo.

Tamasha lina uzuri wake: siku moja unaweza kusikia vikundi kumi, kisha ukachagua wa kumfuata baadaye.

Nalipaje kiingilio bila kutapeliwa?

Ukilipa kwa simu, mtandao hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri. Lisome. Jina la mtu ambaye hujawahi kulisikia kwenye onyesho hilo ni sababu ya kusitisha muamala na kumpigia mwandaaji. Lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la ukumbi au kikundi ni salama zaidi kuliko namba ya mtu binafsi. Tunza ujumbe wa muamala mpaka siku ya onyesho, na upige picha ya skrini, kwa sababu mlangoni mtandao unaweza kugoma na ujumbe ukawa ndio tiketi yako.

Beba na fedha taslimu zilizochenjiwa. Mlinzi wa geti saa mbili usiku hana chenji ya elfu kumi.

Nafikaje, na narudije?

Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 70 kwa barabara ya Tegeta, Bunju na Mapinga. Zipo daladala za kwenda Bagamoyo zinazoanzia Makumbusho. Njia ikiwa wazi, saa moja na nusu inatosha. Ijumaa jioni ongeza saa nzima ya foleni kabla hujaivuka Bunju.

Anayetoka Tanga, Moshi au Arusha amuulize kondakta kabla ya kulipa: basi linapita Msata–Bagamoyo au Chalinze? Likipita Bagamoyo, unashuka pale pale. Likipita Chalinze, shuka Msata utafute gari la kukupeleka Bagamoyo. Ni kilomita 64 za lami. Wa Dodoma na Morogoro vilevile: Chalinze, Msata, Bagamoyo. Wa Unguja wapitie Dar kwa boti.

Kurudi ndiko kunakowashinda wengi. Onyesho linaisha saa tano au sita usiku, na saa hizo usitegemee daladala. Wengine huondoka saa tatu ili wawahi gari, na saa tatu ndiyo kwanza msanii ameshika ala. Lala Bagamoyo. Ukishindwa, kubaliana mapema na mwenye gari au bajaji, bei ya kwenda na kurudi, na saa ya kukufuata, huku ukiwa na namba yake kwenye simu iliyochajiwa.

Tangazo linasema saa moja usiku. Nifike saa ngapi?

Saa kumi na moja jioni, ukiweza. Si kwa sababu ya foleni ya getini. Saa hiyo wasanii wanajaribu mitambo, na jaribio la mitambo ni onyesho jingine kabisa. Utasikia ala moja moja bila kelele za watu. Utajua zeze linakaa upande gani na filimbi upande gani, na usiku utazitofautisha kirahisi hata zikipigwa pamoja. Waombe ruhusa, kaa kando, usiwasemeshe.

Saa moja iliyoandikwa mara nyingi huwa saa mbili na nusu. Uzembe upo, lakini kuna sababu nyingine ambayo haijulikani sana. Ngozi ya ngoma hunyonya unyevu wa bahari, na jua likizama hulegea. Ngoma iliyolegea hutoa sauti nzito isiyo na mlio. Lazima iwekwe karibu na moto, ipigwe kidogo, irudishwe tena, mpaka ikaze. Zeze nalo limewambwa ngozi, na ngozi ikilegea nyuzi zake hushuka sauti. Usiku wa mvua za vuli kazi hiyo hurudiwa hata katikati ya onyesho. Ukiona mpigaji ameondoka na ngoma yake kuelekea motoni, usidhani programu imevurugika.

Nikae wapi?

Inategemea kama ala zinapita kwenye spika au hapana.

Bila spika, kaa ndani ya mita tano au sita, uso kwa uso na mpiga ilimba. Zaidi ya hapo utaendelea kusikia sauti yake ya kuimba na ngoma, lakini mivumo midogo ya ilimba itapotea, na hiyo ndiyo iliyokuleta.

Palipo na spika mbili, usikae mbele ya spika yoyote. Tafuta sehemu ambayo wewe na spika hizo mnafanya pembetatu yenye pande zinazolingana. Mahali pazuri kuliko pote ni karibu na fundi mitambo, maana yeye anasawazisha sauti kwa kile anachokisikia pale alipo. Kama meza yake imewekwa kando ya jukwaa, nyuma ya spika, tegemea sauti mbaya usiku kucha, kwa sababu hasikii mnachosikia.

Penye jukwaa la wazi angalia upepo. Sauti inayosafiri na upepo huinamishwa chini kuelekea kwa wasikilizaji. Inayosafiri kinyume na upepo hupindishwa juu na kuwapita vichwani. Kwa hiyo upepo wa bahari ukivuma kutoka kwako kuelekea jukwaani, sogea mbele. Kiti cha nyuma hakitakupa kitu.

Kwa nini gitaa au kinanda kinasikika kama kimetoka nje ya sauti?

Hakijatoka, na ilimba pia haijakosea. Ni mipango miwili tofauti ya sauti. Kinanda kimegawanya sauti katika hatua kumi na mbili zilizo sawa. Muziki wa Wagogo umejengwa juu ya sauti za asili, zile zinazopatikana kwenye uzi mmoja ukigawanyika mara nne, mara tano, mara sita, saba, nane na tisa. Sauti ya uzi uliogawanyika mara saba iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu-toni, yaani theluthi ya hatua moja kati ya hizo kumi na mbili. Sikio lililozoea kwaya ya kinanda huisikia kama imelegea. Iache iingie kwa nyimbo mbili tatu, na utaona ya kinanda ndiyo inayokwaruza.

Mpiga gitaa hodari anayemsindikiza mpiga ilimba huikwepa noti hiyo kabisa, au huuvuta uzi mpaka wakutane. Asiyejua hilo hupiga kodi nzima, yaani noti kadhaa kwa pamoja, juu yake, na hapo ndipo unaposikia ugomvi. Kwenye rekodi ugomvi huo husafishwa studio, ndiyo maana albamu inaweza kuonekana laini kuliko jukwaa.

Ilimba inanguruma na kukwaruza. Spika imeharibika?

Hapana, imetengenezwa inguruma. Ubao wa ilimba una tundu, na juu ya tundu hubandikwa utando wa buibui. Sauti ikipita, utando hutikisika na kuitia mvumo. Halafu si kila kijiti cha chuma hupigwa kwa dole: vingine huitikia tu, vikitetemeshwa na wenzao. Mvumo huo ni sehemu ya wimbo.

Kuna mngurumo mwingine ambao ni kasoro kweli: ule wa chini, wa kuendelea, usiokoma hata msanii akinyamaza. Huo unatokana na nyaya za umeme, na fundi mitambo anapaswa kuuondoa.

Sielewi Cigogo. Nitapoteza kiasi gani?

Maneno, ndiyo. Lakini nyimbo nyingi zimejengwa kwa kuita na kuitikia, na kiitikio ni kifupi, hurudi mara nyingi, na baada ya mara ya tatu unaweza kukiimba hata kama hukijui maana. Mtunzi naye hutaja kwa Kiswahili wimbo unahusu nini kabla ya kuanza. Usipige makofi wakati huo.

Kuhusu makofi: midundo hii huchanganya hesabu ya mbili na ya tatu kwa wakati mmoja, na wageni wengi hupiga makofi nje ya mdundo. Tazama miguu. Penye njuga, kishindo cha mguu ndicho mhimili. Piga pamoja nacho. Aliye mbali na jukwaa afadhali aache. Sauti husafiri kama mita 350 kwa sekunde katika joto la pwani, kwa hiyo aliye mita 35 nyuma anausikia mdundo sehemu ya kumi ya sekunde baadaye, na kofi lake linamfikia msanii limechelewa mara mbili ya hapo. Watu mia wakifanya hivyo, wanamvuta mwimbaji nyuma, naye anahangaika kuushikilia wimbo wake.

Naruhusiwa kumtunza akiwa anapiga?

Ruhusa, tena ni heshima, kama ilivyo kwenye taarabu. Ila mpiga ilimba mikono yake yote miwili ina kazi na vidole gumba ndivyo vinavyopiga. Usimpachike noti usoni, wala kuisukuma kwenye ala. Ikigusa vijiti au utando, sauti inakufa papo hapo. Mpiga zeze naye ukimgusa mkono wa upinde umemkatia wimbo. Subiri kiitikio, nenda kwa kuinama kidogo ili usiwazibe waliokaa, weka fedha kwenye kapu au karibu na mguu wake, rudi. Noti za elfu moja na elfu mbili zilizokunjwa mapema zinatosha kabisa. Waitikiaji na wapiga ngoma nao watunzwe. Mara nyingi husahauliwa.

Na kurekodi kwa simu?

Kwanza uliza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi na pia mpigaji, na kupakia wimbo mzima mtandaoni bila idhini yake ni kumnyang'anya riziki, hasa kama wimbo bado haujatoka. Wengi hukubali dakika moja au mbili, wakiomba utaje jina lao kwa usahihi.

Ukiruhusiwa, weka simu kwenye hali ya ndege ili isiite katikati. Ishike kwa ulalo, na uhakikishe kiganja hakijafunika tundu la maiki, ambalo kwa simu nyingi liko chini karibu na tundu la chaji. Kosa hili ndilo linaloharibu rekodi nyingi kuliko yote. Usisimame karibu na ngoma, maana maiki ya simu huzidiwa na kupasua sauti, na sauti iliyopasuka haitengenezeki. Zima taa. Na ishushe simu chini ya kidevu, nyuma yako kuna watu.

Nije na watoto? Masikio yao je?

Njoo nao. Onyesho la ala tupu halina hatari. Hatari iko kwenye spika za tamasha. Kipimo kinachotumika kulinda wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu, hivyo kwa desibeli 100 zinabaki dakika 15. Ukilazimika kupiga kelele ili aliye mita moja kutoka kwako akusikie, tayari uko juu ya 85. Mtoto mdogo avae viziba-masikio vya kufunika sikio lote. Pamba haisaidii kitu cha maana.

Nivae nini, nibebe nini?

Nguo za heshima. Mji ni wa Waislamu wengi na sehemu za maonyesho ziko karibu na makazi. Khanga au kitenge cha kukalia. Dawa ya mbu, tochi, maji. Oktoba hadi Desemba ni vuli, beba koti la mvua. Usibebe mwavuli, unawazibia wengine.

Naweza kuomba wimbo?

Ndiyo, kati ya wimbo na wimbo, mara moja. Akikataa usisisitize. Huenda wimbo huo unahitaji ilimba yenye mpangilio mwingine wa sauti, na kuibadilisha ni kusogeza kila kijiti: kikirefushwa sauti inashuka, kikifupishwa inapanda.

Baada ya onyesho nataka kuzungumza naye, na kununua ilimba.

Mpe robo saa anywe maji. Mkubwa kwako mpe shikamoo, mwite mzee au mama, kisha useme wimbo gani umekugusa. Ukinunua albamu, inunue mkononi mwake.

Kwa ilimba, usinunue iliyotundikwa kama pambo kabla hujaipiga. Bofya kila kijiti: kinachocheza kushoto na kulia hakijabanwa vizuri na kitapoteza sauti ndani ya wiki. Angalia kutu kwenye sehemu ya kidole. Angalia kama utando upo na haujachanika. Muombe fundi aipange sauti mbele yako, nawe urekodi kila sauti kwenye simu, ili baadaye uirudishe ikihama. Nyumbani ifute kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, maana jasho na chumvi ya hewa ya pwani hula chuma.

Tunataka kumwalika apige nyumbani au shuleni. Tunahitaji nini?

Kwa watu wasiozidi hamsini uani, hamhitaji mitambo. Mnahitaji ukuta. Mweke msanii mgongo ukielekea ukuta mgumu, mita moja na nusu mbele yake, nao utawarudishia sauti wasikilizaji. Watu wakae nusu duara, wa mbele mkekani, wa nyuma kwenye viti. Zimeni feni, redio na friji iliyo karibu.

Kuanzia watu mia: spika mbili, maiki moja ya kuimbia, moja ya ilimba na moja ya zeze. Maiki ya ilimba ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye ubao. Ikisogezwa mbali zaidi, fundi atalazimika kupandisha sauti mpaka maiki ianze kupiga mluzi. Spika ziwe mbele ya mstari wa maiki, kamwe zisiwe nyuma yake. Ngoma haihitaji maiki. Sauti ya kuimba na ilimba ipangwe kwanza, ngoma ziingie mwisho. Mafundi wengi huanza na ngoma kwa mazoea ya dansi, halafu ilimba haipati nafasi tena.

Jenereta liwe mita 30 au zaidi, nyuma ya jengo. Kubalianeni malipo kwa maandishi kabla: kiasi, idadi ya watu wa kikundi, nauli, chakula, na muda wa kupiga. Nusu ilipwe wakati wa kukubaliana. Na kama mnauza tiketi, ulizieni kibali kwa afisa utamaduni wa wilaya mapema.

Umeme ukikatika katikati ya onyesho?

Usiondoke. Usiwashe tochi ya simu usoni mwa msanii. Chukua khanga yako, sogea mbele mpaka karibu na miguu yake, kaa chini na unyamaze. Wengi wao hawasubiri jenereta.